Waliniambia nisome logi, nao ndio walioikata

Nimeitumia huduma hii ya kubildi programu, yaani kugeuza kodi (maandishi ya mtengenezaji programu) kuwa app inayotumika, kwa miezi kadhaa, na hadi hivi karibuni ningemshauri mtu yeyote ajiunge. Mashine zao zina kasi, hilo siwanyimi. Unasukuma kodi, na chai haijapoa bildi imeshaisha. Ikiwa ya kijani, yaani imefaulu, huna neno nao. Shida ni siku ikitoka nyekundu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa kinasubiri toleo jipya la app yao ya Android, na nilikuwa nimeshamwahidi mhasibu wao, mama mpole sana, kwamba usiku huohuo ataipata. Nasukuma, nyekundu. Nafungua ukurasa wa logi, ile kumbukumbu ya kila hatua ya bildi. Juu wameandika kwa herufi kubwa kwamba bildi imefeli. Sawa, imefeli kwa nini? Nashuka. Maelfu ya mistari ya Gradle, chombo kinachobildi app, ikipakua vitu vyake, na kila mahali zimetapakaa [31m na [0m. Hizo ni alama za rangi: kwenye terminali ya kawaida (dirisha la kuandikia amri) [31m hufanya maandishi yawe mekundu, na [0m huyarudisha yalivyokuwa. Ukurasa wao hauzijui, unazimwaga kama zilivyo. Yaani neno lililopaswa kuniwakia jekundu ndilo lililozikwa kwenye takataka.

Nikabonyeza Ctrl+F nitafute. Hola. Kumbe ukurasa unachora ile mistari inayoonekana kwenye kioo tu, mingine brauza haina habari nayo. Nikashuka kwa mkono mpaka chini kabisa, nikakuta kimstari cha kijivu: logi ni ndefu mno, imekatwa. Wamekata mwisho! Aliyewahi kubildi chochote anajua bildi inafia mwishoni. Wangekata mwanzo, nani angewauliza?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote, nikiomba mistari ya mwisho tu. Baada ya saa nzima jibu likaja, sentensi moja: soma logi yako vizuri, kisha rekebisha kodi yako. Salamu hakuna, jina langu hakuna. Nisome nini, ndugu yangu? Nisome kile mlichokikata? Nimefanya kazi hii miaka, nimefokewa na wateja wa kila aina, lakini ile sentensi iliniuma mpaka nikafunga laptopu nikatoka nje kupunga upepo.

Niliporudi nikapakua faili zima kwa bando la simu, mara mbili, maana mara ya kwanza lilikatikia njiani. Mwisho kabisa wa faili: 137. Anayeijua Linux ameshaelewa. Ni 128 jumlisha 9: 128 inaonyesha programu imesimamishwa kwa ishara, na 9 ni ishara ya kuua. Bildi iliuawa, na mara nyingi inayouliwa hivyo inakuwa imemaliza RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Kodi yangu haikuwa na kosa hata moja! Nikaiambia Gradle isifanye zaidi ya kazi mbili kwa wakati mmoja, ikapita papo hapo. Saa saba usiku. Mama wa watu ameshalala zamani.

Hata hivyo nilipanga kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya kasi. Halafu juzi wakaleta kitufe kipya kinachokupeleka moja kwa moja kwenye kosa la kwanza. Nilifurahi, nasema kweli, nikajua wamesikia kilio chetu. Nikakibonyeza kwenye bildi ileile ya Ijumaa. Kikanipeleka kwenye mstari ulioandikwa "0 errors".

Nyota moja. Na hiyo ni ya mashine, si ya ukurasa wala ya aliyenijibu. Mwezi ukiisha nahama. Ingawa angeniandikia hata leo, "samahani, logi tuliikata sisi," huenda ningebaki.