Kisagio cha alumini cha vipande vinne: nyota nne kati ya tano

Nimekitumia karibu kila jioni kwa miezi minane. Zamani nilichambua bangi kwa vidole, utomvu mwingi ukabaki kwenye ngozi. Kisha nikanunua kisagio cha plastiki. Meno yakakatika mwezi wa pili, na nilipokuta kipande ndani ya msokoto nikakitupa kisagio chenyewe siku hiyohiyo.

Hiki ni kizito mkononi. Meno yamechongwa kwa umbo la almasi, na sumaku inashika kifuniko hata ukikigeuza juu chini. Mizunguko kumi inatosha. Bangi inatoka imesagika sawasawa, msokoto unaungua taratibu bila kula upande mmoja, nami natumia kidogo kuliko zamani. Pesa yangu imerudi hapo.

Ninachokipenda zaidi ni wavu wa chini. Vile vitezi vidogo vya ua la bangi vinavyobeba THC, kemikali inayolevya, vinapita na kujikusanya kama vumbi la manjano. Nalikwangua kila baada ya wiki tatu hivi. Kama hujalizoea, anza na chembe tu, lina nguvu kweli.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya hesi, ile mistari ya kuzungushia na kufungia vipande: utomvu ukiganda, hakifunguki kabisa! Nakiweka friza nusu saa, nakisugua kwa mswaki mkavu, kisha nakiosha kwa spiriti na kukiacha kikauke. Bangi mbichi nayo inaziba wavu, kwa hiyo yangu inakaa kwenye chupa ya kioo na pakiti ya kudhibiti unyevu, asilimia 62.