Solidago ya Bustanini: Nunua Isiyotembea

Solidago yangu ya kwanza, lile ua la manjano liitwalo goldenrod kwa Kiingereza, sikuinunua. Jirani yangu hapa Louisville, Kentucky, mama mtu mzima asiyejua kunyima, alinifungia mizizi kwenye mfuko wa plastiki akaniambia niifukie popote. Nikaifukia kando ya tuta la mchicha. Mwaka wa kwanza ilitulia. Wa pili nilifurahi: mabua marefu kunizidi, vichwa vya manjano tupu, nyuki tele. Wa tatu nilikuwa nang'oa solidago katikati ya matembele, na mpaka leo kila baridi inapoisha kuna chipukizi linanichungulia pale nilipodhani nimemaliza kazi.

Ndiyo maana katika kuzipanga aina za solidago, kuanzia ninayoipenda zaidi, sitangulizi uzuri wa ua. Karibu zote ni za manjano, na nyingi huchanua kati ya Agosti na Oktoba, maua mengine yakiwa hoi. Mimi nauliza kimoja tu: mizizi yake inakaa au inatembea? Jibu hulipati kwenye picha ya lebo. Unalipata kwenye jina la kisayansi. Lebo yenye jina la kawaida la Kiingereza peke yake inaweza kuwa aina yoyote kati ya makumi ya aina za Amerika Kaskazini. Rudisha kopo ulipolitoa.

Na mtu akikuonya kwamba ua hili linaleta mafua na macho kuwasha, mwambie anamsingizia asiyehusika. Chavua ya solidago ni nzito na inanata, hubebwa na wadudu. Mwenye kosa ni Ambrosia, gugu lenye maua ya kijani yasiyoonekana vizuri, linalochanua majira yale yale na kumwaga chavua yake kwenye upepo.

Namba moja kwangu ni Solidago rugosa, ile iliyochaguliwa ikapewa jina 'Fireworks'. Ilipatikana North Carolina. Inafika mita moja na kidogo, na vitawi vyake hupinda nje kila upande kama fataki, jina halikukosea. Inavumilia udongo wetu wa mfinyanzi, hata ule unaotuama maji. Inatanuka, lakini polepole: sepetu moja kila baada ya miaka michache inatosha kuirudisha kwenye mipaka yake. Kama una jua na nafasi ya shina moja tu, chukua hii.

Kivulini, namba moja ni Solidago caesia, wala haina mpinzani. Hii haioti kichwa kikubwa juu; maua yake hujipanga kwenye bua zima, kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na bua, na bua lenyewe lina weusi wa zambarau. Inakaa kwenye kishungi chake. Utauziwa pia Solidago flexicaulis kwa ajili ya kivuli hicho hicho. Ni nzuri, ila inatambaa, kwa hiyo iweke chini ya miti mikubwa ambako unataka ardhi ifunikwe.

Nafasi ya tatu naipa Solidago rigida, ya mbugani, yenye kichwa bapa kama sinia ambacho vipepeo hutua wakanywa bila taabu. Mizizi yake haitembei, ila mbegu zake hurukaruka. Kata vichwa kabla havijapeperuka.

Mwenye kibaraza kidogo atafute Solidago sphacelata 'Golden Fleece', iliyotolewa na bustani ya Mt. Cuba Center kule Delaware. Inaishia kama sentimita 45, ina majani ya umbo la moyo, na hata chama cha wenye nyumba cha mtaani kwako hakitaiita gugu. Kwenye udongo mkavu na maskini, Solidago nemoralis. Kwa walio pwani, tuseme Portland ya Maine, Solidago sempervirens haijali chumvi, na ni chakula cha vipepeo wa chungwa wanaoshuka kwenda Mexico. Wapenzi wa chai nao waiulizie Solidago odora: sugua jani lake, utasikia harufu ya kukaribia shamari. Watu wa huku wameichemsha tangu zamani. Inataka mchanga na jua.

Za mwisho ni canadensis, altissima na gigantea. Nyuki wanazipenda mno, na aliye na ekari kadhaa aziachie nafasi. Kwenye ua wa nyumba, hapana. Kichekesho ni kwamba solidago ni ua rasmi la Kentucky tangu 1926, na aina inayotajwa sana ni hiyo gigantea. Walio Ulaya wasizinunue kabisa: canadensis na gigantea zimevamia mashamba yaliyoachwa huko, na wao wana yao ya asili, Solidago virgaurea.

Kopo la galoni linapendeza machoni, lakini mimi siku hizi nanunua miche midogo ya trei kutoka vitalu vya mimea ya asili. Mwaka wa pili hutaona tofauti. Muulize muuzaji kama miche imepigwa dawa ya wadudu inayoingia ndani ya mmea, maana dawa hiyo hufika mpaka kwenye chavua. Akijiumauma, ondoka. Mbegu ni rahisi zaidi kwa bei, ila zinataka miezi kama miwili ya baridi na unyevu, na usizifukie, zinahitaji mwanga. Mbolea usitie: bua linarefuka, linalala. Ukiona itarefuka kupita unavyotaka, ikate nusu mwanzoni mwa Juni. Itachanua ikiwa fupi na nene.

Mwenye mzinga ajiandae kwa jambo moja. Septemba, nyuki wakikausha nekta ya solidago, mzinga hunuka kama soksi zilizovaliwa wiki nzima. Mara ya kwanza nilidhani kuna panya amefia ndani. Asali ikishaiva, harufu hiyo inaondoka.