Lenin wa helikopta vs Lenin wa tishali, nani mkali?

Filamu za Good Bye, Lenin! (2003) na Ulysses' Gaze (1995) zote zina sanamu ya Lenin (yule kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti Urusi) inayohamishwa, ila kazi zake tofauti kabisa. Ya kwanza mama katoka nje, hajui ukuta wa Berlin ulishaanguka, mara helikopta inapita na Lenin nusu mwili ananing'inia, mkono kaunyoosha kama anamwita vile, unacheka halafu unajikuta unamwonea huruma mama wa watu. Ya pili, ya mwongozaji Angelopoulos, inaenda taratibu mno jamani (usiicheki na usingizi), Lenin kakatwa vipande kalazwa kwenye tishali anaelea mto Danube, watu ukingoni wanapiga magoti wanafanya ishara ya msalaba, yani msiba kabisa. Kwa kueleweka fasta helikopta inashinda, ila mi nachukua tishali, pale hakuna anayekutafsiria kitu.