Drili Ndogo ya Betri: Usinunue Namba ya Kwenye Boksi

Ingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo uulizie drili ya betri, na muuzaji atakupangia maboksi matatu manne juu ya kaunta. Moja limeandikwa 12V, jingine 20V, jingine 48V, na mara nyingi lipo la 88 au hata 128. Kinachoshangaza ni bei. Lile lenye namba kubwa kuliko yote ndilo rahisi kuliko yote, na ndani yake kuna betri mbili, biti kibao na soketi za kufungulia nati. Mtu anayehamia nyumba yake ya kwanza huona amepata bahati. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo mara nyingi: fimbo ya pazia inaning'inia upande mmoja, ukutani kuna vitundu vitano vya nusu sentimita, na betri zote mbili hazipokei moto tena. Hela ya mtu imeshakwenda. Naandika ili yako isiende hivyo.

Jambo la kwanza kulielewa ni betri. Drili yenyewe ni mota na gia, na duka lolote litakuelezea habari za mota. Habari za betri hakuna atakayekueleza.

Ndani ya betri ya lithiamu kumepangwa seli za duara, na zilizozoeleka ni zile zenye kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Seli moja inahesabiwa volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Ukiunga tatu unapata 10.8, ambazo kampuni huziandika 12. Ukiunga tano unapata 18. Hizo tano zikitoka tu kwenye chaja zinakuwa 21 na kisha zinatulia karibu na 20, kwa hiyo betri hiyohiyo huandikwa 18 Ulaya, 20 Marekani, na 21 kwenye maboksi mengi ya China. DeWalt anauza betri zilezile za seli tano kwa jina la 18 Ulaya na 20 Marekani. Hakuna udanganyifu hapo, ni mahali tu pa kuanzia kuhesabu.

Udanganyifu unaanzia kwenye 48 na kuendelea. Ukitaka kuujua, waache waendelee kusifia boksi, wewe omba chaja. Igeuze, tafuta neno OUTPUT, usome volti zilizoandikwa mbele yake. Ukikuta 12.6V, betri hiyo ina seli tatu mfululizo. Ukikuta 16.8V, ni nne. Ukikuta 21V, ni tano. Chaja haiwezi kusema uongo, kwa sababu ikitoa umeme mwingi kuliko seli zinavyostahimili, betri itaharibika au itawaka moto. Drili ya "volti 88" yenye chaja ya 21V ni drili ya volti 18 iliyopewa jina kubwa.

Uwezo wa kukaa na chaji, ule unaoandikwa Ah (ampia-saa), nao upime kwa mkono. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, na nzuri kabisa haizidi sana Ah 3. Kwa hiyo betri yenye safu moja ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuwa na Ah 6 hata kama imeandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Kufika huko inahitaji safu mbili, yaani seli kumi, yaani karibu nusu kilo ya seli peke yake bila kasha. Ukiishika ikawa nyepesi kama simu ya kawaida, rudisha kaunta.

Sasa nipange. Mpangilio huu ni wa mtu wa nyumbani: mapazia, rafu, kioo cha bafuni, kitanda cha kuunganisha, bawaba ya mlango iliyolegea, kabati la jikoni. Fundi wa kila siku nitamfikia.

Namba moja ni drili ya volti 12 ya kampuni yenye ukoo wa betri unaoeleweka, yenye gia mbili na yenye nyundo, yaani inayogonga huku ikizunguka. Bosch GSB 120-LI na Makita HP333D ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Zote zina nguvu ya kuzungusha ya Nm 30 (Nm ni nyutoni-mita), chaki, yaani mdomo unaoshika biti, ya mm 10, na uzito wa kama kilo moja na kidogo. Uzito huo ndio sababu kubwa ya kuziweka juu. Ukiwa umesimama kwenye stuli, mkono mmoja umeshika bracketi ya pazia na mwingine drili, kilo moja na kilo mbili ni vitu viwili tofauti kabisa baada ya dakika tano. Makita ina betri inayoingia kwa chini, kwa hiyo unaweza kuisimamisha mezani. Ya Bosch inaingia ndani ya mpini, na mpini wake unawafaa wenye viganja vidogo. Gia ya kwanza ni ya kukaza skrubu, ya pili ni ya kutoboa. Drili yenye gia moja tu usiichukue hata kwa bei ya kutupwa, maana kasi inayotoboa vizuri ndiyo inayoharibu vichwa vya skrubu.

Namba mbili ni drili ya volti 20 ya Ingco au Total, yenye nyundo. Mafundi wengi wanaoanza wanazitumia, na wana haki. Nyingi zinaandikwa karibu Nm 45, chaki zake hushika biti nene zaidi kwenye baadhi ya aina, na ubora wake ni mkubwa kuliko bei inavyoonyesha. Faida yake kubwa ni kwamba betri, chaja na mashine nyingine za ukoo huohuo, kama grainda na msumeno, zinapatikana hadi miji ya mikoani. Ukijua kwamba mwakani utahitaji grainda, basi hii kwako iwe namba moja. Nimeiweka ya pili kwa sababu ni nzito zaidi, na mtu wa pazia mbili kwa mwaka hahitaji kubeba uzito huo.

Namba tatu ni zile za volti 18 za kampuni kubwa: Makita, DeWalt, Bosch ya bluu. Ni mashine za maisha, lakini kwa nyumba ni hela inayolala kabatini. Fundi wa makabati, yeye aanzie hapa. Tahadhari mbili tu. Bosch ya bluu na Bosch ya kijani ni koo mbili, na betri za volti 18 za moja hazikai kwenye nyingine. Pia usidhani kwamba mota isiyo na kaboni (brashi zinazosuguana ndani ya mota) lazima iwe na nguvu kuliko yenye kaboni: Makita DHP485 haina kaboni na inatoa Nm 50, wakati DHP482 ina kaboni na inatoa 62. Faida ya isiyo na kaboni ni betri kudumu muda mrefu kazini na kutokuwa na kaboni za kubadilisha. Ukitaka kujua kama muuzaji anasema kweli, chungulia kwenye matundu ya hewa mahali penye giza huku drili inazunguka. Ukiona cheche za bluu, kaboni zipo.

Namba nne ni drili ya waya yenye nyundo. Inatoboa kwa nguvu na haijui habari za chaji, lakini LUKU ikiisha nawe umesimama, na kukaza skrubu kwayo ni mateso kwa sababu nyingi hazina pete ya kupunguza nguvu.

Za mwisho ni zile za 48, 88 na 128 zisizo na jina. Sizikatai kwa sababu zimetoka China, maana Ingco na Total nazo ni za huko. Nazikataa kwa sababu betri yake ikifa, na itakufa, hutapata nyingine inayoingia vizuri, na boksi zima linakuwa takataka.

Nimesema "yenye nyundo" mara kadhaa, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapolaumu drili bure.

Kuta za nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji na mchanga zilizopigwa plasta. Tofali hiyo inatoboka vizuri kwa drili ya volti 12 yenye nyundo na biti ya ukuta ya mm 6 au 8. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu, zenye matumbawe na chokaa, ni laini zaidi. Huko zima nyundo kabisa, la sivyo tundu linabomoka na kupanuka. Ila pazia halifungwi kwenye tofali. Pazia linafungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha kuna lenta: zege lenye kokoto na nondo. Drili inayoingia kwenye tofali kama kisu kwenye papai itasimama pale baada ya sentimita moja, na mwenye nyumba ataamini ameuziwa feki.

Nyundo ya drili ndogo ni visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana nyuma ya chaki, na nguvu yake inategemea unavyosukuma kwa mkono. Zege linahitaji mashine ya aina nyingine, ile yenye biti za SDS, mfumo ambao Bosch waliuleta mwaka 1975, ambamo pistoni inayosukumwa na hewa ndani ya mashine ndiyo inayopiga. Usiinunue kwa ajili ya madirisha sita. Azima au kodi kwa siku moja, toboa lenta zote za nyumba siku hiyo, weka fisha (kile kiplastiki cha tunduni kinachoshika skrubu), kisha kazi yote iliyobaki ifanye kwa drili yako ndogo. Njia nyingine ni kupandisha bracketi juu ya lenta hadi kwenye tofali, kama dari inaruhusu. Gonga ukuta na usikilize, pima, kisha jaribu kwa biti nyembamba kwanza. Ukikutana na nondo, biti ikianza kulia kwa sauti ya chuma, usilazimishe. Hama sentimita mbili.

Dukani, kabla ya kutoa hela, fanya haya. Weka biti ndefu iliyonyooka, zungusha polepole, tazama ncha yake: ikichora duara, chaki imepinda. Bonyeza kitufe kidogo sana, drili nzuri itaanza taratibu kama gari linaloondoka. Mbovu itaruka ghafla. Achia, isimame papo hapo. Chukua kipande cha mninga au mkongo, mbao ngumu za kwetu, uzamishe skrubu ndefu kwa gia ya kwanza. Dai risiti ya EFD yenye jina la mashine, na waranti iandikwe ijumuishe betri, maana wauzaji wengi wakisema "waranti miezi sita" wanamaanisha mota peke yake. Na kama boksi lina betri moja tu, uliza bei ya betri ya pili papo hapo. Wakikuambia haipo dukani, jua na mwakani haitakuwepo.

Kuna na drili za mtumba kutoka Japani na Marekani, nyingi zikiwa Makita halisi, imara sana. Tatizo ni chaja. Ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100 na ya Marekani kwa 120, na ukutani kwetu kuna 230. Ukiichomeka inaungua saa ileile. Nunua drili, halafu tafuta chaja ya kampuni hiyohiyo ya volti 220 hadi 240.

Kuhusu kuitumia, yapo machache ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Ile pete ya namba nyuma ya chaki ndiyo inayookoa skrubu na kabati lako. Kwa MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, anza na namba ndogo, 4 au 5, panda taratibu hadi kichwa cha skrubu kikae sawa na mbao. Alama ya biti mwishoni mwa pete ni ya kutoboa, usikazie skrubu hapo. Kwenye mninga au mkongo toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, na uipake skrubu sabuni ya mche. Tundu la ukutani liwe saizi ya fisha: fisha ya mm 6, biti ya mm 6. Zungushia biti kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kuonyesha kina, na toa vumbi kabla ya kuingiza fisha, maana fisha ndani ya vumbi haishiki. Kwenye vigae bandika utepe huohuo, zima nyundo, anza polepole. Ukishavuka kigae ndipo uiwashe.

Usitoboe moja kwa moja juu wala chini ya swichi au soketi, kwa sababu nyaya hupita hapo ndani ya ukuta. Vaa miwani unapotoboa juu ya kichwa. Ncha za khanga, mikono mipana ya kanzu na nywele ndefu vifungwe kabla ya kushika drili.

Betri usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ikitoka kazini ya moto iache ipoe kwanza ndipo uichaji. Ukijua hutaigusa miezi miwili mitatu, iache na chaji ya nusu, ichomoe kwenye drili, na uiweke kwenye droo mbali na jiko.