Seti ya hema la kuoteshea: feni naipa maksi zote, chujio la mkaa sina kazi nalo

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: kwenye seti hii feni ni nzuri kuliko bei yake, hema linafaa, na chujio la mkaa kwa mkulima wa uyoga ni pesa ya bure. Ninayoizungumzia ni ile ya hema jeusi la sentimita 120 kwa 120, urefu mita mbili, feni ya bomba ya inchi nne, chujio la mkaa la inchi nne, bomba la foili linalokunjika na rigaleta ya spidi. Ilitoka duka moja la Kariakoo, ikaja Tanga kwa basi, laki nne kasoro kidogo pamoja na nauli ya mzigo. Jina la kiwanda msijisumbue nalo. Ukitafuta mtandaoni utaziona chungu nzima, majina tofauti, boksi lile lile.

Nalima uyoga chaza Makorora, chumba cha nyuma kwenye nyumba ya kupanga. Uwani tupo wengi, na kwa hiyo harufu imekuwa shughuli kubwa kuliko uyoga wenyewe. Malighafi yangu ni makapi ya mkonge. Kwetu Tanga ni kitu cha kuokota: jani la mkonge likishapita korona, ile mashine ya kukamulia nyuzi, nyuzi zinazopatikana hazifiki hata asilimia tano ya uzito wake, kilichobaki chote ni makapi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaonyesha kwamba uyoga chaza unakubali humo. Ila aliyewahi kupita jirani na korona siku ya mvua anajua makapi yale yananukaje. Yakichacha yanatoa ukali unaoingia mpaka kwenye nguo za kabatini. Bibi wa chumba cha mbele, ambaye ndiye mkubwa wetu pale uwani, aliniita kwa upole: "Mwanangu, riziki ni riziki, lakini mimi chai yangu ya asubuhi naisikia ina katani." Nikamwambia, "Niwie radhi bibi, nalishughulikia." Hapo ndipo nilipoanza kuulizia mahema yenye chujio la harufu.

Mahema haya yametengenezwa kwa ajili ya watu wanaootesha mboga, pilipili na maua chini ya taa. Taa inapasha hewa, hewa ya moto inapanda, ndiyo maana tundu la kutolea hewa liko juu na vidirisha vya neti vya kuingizia viko chini. Uyoga hauna haja ya taa kali. Kinachoutesa ni pumzi yake mwenyewe: unavuta oksijeni, unatoa hewa ya ukaa. Nje hewa ya ukaa ni kama sehemu 420 katika milioni. Ndani ya hema lililofungwa, mifuko ya makapi uyoga unamoota ikiwa imekolea utando mweupe, inapanda haraka, na ikishavuka 1,000 uyoga wenyewe unakuonyesha: shina linarefuka, kofia inabaki kama kifungo cha shati. Hotelini hawaupokei. Mama wa sokoni Mgandini anaunyanyua kwa vidole viwili, anaurudisha kwenye beseni, na hakuambii neno.

Sasa feni. Boksi linasema inatoa mita za ujazo 330 kwa saa, na hema zima halifiki mita tatu za ujazo. Maana yake ikiachwa spidi ya mwisho inabadilisha hewa yote zaidi ya mara mia kwa saa, wakati uyoga unatosheka na mara nne mpaka nane. Nilipoiwasha kwa nguvu zote kuta za hema zilinywea ndani hadi zikagusa mifuko, kipima unyevu kikaporomoka kutoka 90 hadi chini ya 70, na vitoto vya uyoga vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachungulia vikakauka ncha. Kwa hiyo kama boksi lako lina karatasi inayosema feni iwake saa 24, hiyo si karatasi ya mtu wa uyoga. Mimi ninaiweka spidi ya chini kabisa, nimeipitishia kwenye soketi ya taima, inavuta dakika tano kila nusu saa. Shina zimerudi fupi, kofia zimetanuka.

Umeme wake ni wa kuchekesha. Imeandikwa wati 30. Hata ingewaka usiku na mchana isingemaliza uniti moja ya LUKU kwa siku, na kwa taima ndiyo kabisa husikii. Kelele ndiyo ina neno: spidi ya juu inavuma vizuri tu, ila ukiipunguza kwa rigaleta iliyokuja nayo inaanza kuguna, mguno wa chini unaopita kwenye fremu za hema hadi sakafuni. Dawa nimeipata kwa fundi baiskeli, ambao Tanga hatuna shida nao. Alinikatia vipande vya tyubu kuukuu, feni nikaining'iniza kwa hivyo badala ya zile kamba za nailoni. Mguno haujaisha, lakini sasa unausikia ukiwa chumbani tu.

Kuta kubonyea ndani kidogo si tatizo, ndiyo tunachokitaka. Feni ikiwa inatoa hewa nyingi kuliko inavyoingia kwa urahisi, kila penye upenyo hewa inaingia, haitoki, kwa hiyo harufu ina njia moja tu: bombani. Kipimo changu ni kijiti cha udi. Nakiwasha, nakipitisha taratibu kwenye zipu, kwenye pembe za chini, pale bomba linapotokea. Moshi ukivutwa ndani, salama. Ukisimama wima au ukarudi kwako, pana kasoro. Hema langu zipu ilikuwa sawa, ila kwenye shingo ya feni moshi ulikuwa unanirudia usoni, maana mpira wa kuzibia haukuwemo kwenye boksi. Nilipowapigia duka wakaniambia, "Dada, ndivyo zinavyokuja." Haya. Soltepu ya foili ikamaliza kazi. (Udi huo nao ulizua yake: jirani akadhani nafukiza ili kuficha jambo, na mtu anayeingiza hema jeusi na chujio la kuzuia harufu chumbani kwake, nadhani mnajua watu wanawaza nini. Mjumbe akaja kutazama. Akaoneshwa, akacheka, akaondoka na uyoga wake kwenye mfuko.)

Tuje kwenye hilo chujio, maana ndilo lililouza seti. Ni pipa la bati lenye matundu, ndani mkaa wa punje, juu limevishwa soksi nyeupe. Mkaa wa namna hii, ambao mwingi unatokana na vifuu vya nazi, si wa jikoni: unapitishwa kwenye mvuke wa joto kali, nyuzi 800 na zaidi, hadi unafunguka vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na harufu inanasa humo. Fundi mmoja alinishauri likichoka nilijaze mkaa wa gunia. Haitasaidia, mkaa wa gunia haujafunguliwa vitundu kiasi hicho.

Shida si mkaa, shida ni maji. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi, mvuke wa maji unawahi nafasi kwenye vile vitundu na harufu inakuta pamejaa. Uyoga unataka unyevu wa 85 hadi 90 muda wote. Mwanzoni chujio lilifanya kazi, bibi akanisifu. Halafu taratibu ule uchachu ukarudi. Nikalishusha, nikaliweka kwenye mizani ninayopimia uyoga: limezidi uzito wake wa mwanzo kwa zaidi ya nusu kilo, yote maji. Nikalianika juani, likapungua, nikalirudisha, likajaa tena. Wapo wanaosema lifungwe nje ya hema, mwisho wa bomba. Nimefanya, hewa ni ile ile yenye maji yale yale. Shemeji yangu wa Pongwe akaliomba kwa ajili ya banda la vifaranga. Nikamwambia asijisumbue, harufu ya amonia mkaa wa kawaida hauishiki vizuri hata ukiwa mkavu.

Kilichonitoa kwenye lawama ni vitu viwili ambavyo havimo kwenye boksi. Kwanza makapi yenyewe. Siku hizi yanaanikwa Pongwe mpaka yakauke kabisa, yanalowekwa, yanapikwa kwenye pipa kwa maji ya nyuzi 60 hadi 80 kama saa mbili, kisha yanatandazwa juu ya kichanja yachuje. Ukiyafumbata mkononi ukabana yatoke matone mawili, basi. Yakitiririka, usifunge mfuko, maana maji yatatuama chini, hewa itakosekana, na harufu itaanzia hapo. Pili, bomba. Badala ya kutolea dirishani kuelekea uwani, nimeliunganisha na bomba la plastiki linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Dirisha langu linatazama kusini, na upepo wa kusi ukianza ulikuwa unarudisha hewa ndani kupitia feni ikiwa imezimwa. Nikaweka kiwiko mdomoni na kifuniko chepesi cha bati kinachofunguka feni ikisukuma. Uwani sasa hakuna harufu ya makapi. Chumbani kuna ile ya uyoga, tamu kwa mbali.

Kutoka kwenye chujio nimebakiza soksi tu. Nimeivika mdomo wa feni kwa mpira, naifua kila wiki, na nawasihi msiiache. Uyoga chaza ukikomaa unamwaga vumbi jingi sana, ndizo mbegu zake, na vumbi hilo ni baya kwa kifua, kuna wanaolikohoa hadi wanaacha kilimo. Siku niliyofungua feni kabla ya kuvika soksi nilikuta mapanga yake yamevaa unga wa rangi ya maziwa, umegandamana, naukwangua kwa ukucha. Hata hivyo vuneni mapema, kingo za kofia zikiwa bado zimeinama chini.

Mawili ya haraka kwa mtu wa pwani: klipu za bomba zimeanza kutu mapema sana, nunueni za chuma kisichoshika kutu. Na msitegemee feni ipoze hema wakati wa kaskazi. Chumba kikiwa nyuzi 32 hema nalo litakuwa hapo hapo. Naning'iniza gunia bichi kwenye kidirisha cha kuingizia hewa, unyevu unasaidika, joto linapungua kiduchu tu kwa sababu hewa yetu yenyewe tayari ina maji.

Umeme ukikatika nafungua zipu shubiri moja, uyoga usikose pumzi.

Feni nyota tano. Hema nne, moja nimeikata kwa harufu ya plastiki ya siku za mwanzo. Duka mbili, kwa ule mpira. Chujio halistahili lawama, limepelekwa kazi isiyo yake, ila kwa wa uyoga nyota moja, ya soksi. Kama mtakubaliwa kununua feni na hema peke yake, fanyeni hivyo, fedha itakayobaki inunue taima na kipima unyevu. La kwangu nimelikausha vizuri na kulifunga kwenye nailoni. Mwenye chumba kikavu kinachonuka rangi au gundi, tuzungumze bei.