London bila kutoa hela: maoni yangu kwa watu wa Kigoma mnaosafiri

Naanza na jibu kabisa kwa asiye na muda: London ya bure naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na kama wewe ni mtu wa Kigoma, hasa Ujiji, kuna sehemu moja kule inakuhusu wewe kuliko mtalii mwingine yeyote, nitaifikia. Naandika hivi kwa sababu vijana wetu siku hizi wanapata kozi fupi, semina, wengine wanaenda kumsalimia dada au shangazi, wakifika wanaona bei za kule wanaogopa wanajifungia ndani mpaka siku ya ndege. Hiyo inaniuma sana. Viza umeilipia pesa ndefu, umepanda treni mpaka Dar na usingizi wa kukaa, umefika jiji lile afu unashinda chumbani unachati?

Viza na malazi siviongelei, hivyo vina bei yake na njia ya mkato hakuna. Naongelea ukishatoka nje asubuhi mpaka jioni.

Makumbusho kwanza. Tangu Desemba 2001 makumbusho yao ya taifa hayana kiingilio, unapita mlangoni wanakagua begi basi. British Museum ndo ya zamani, ilifunguliwa 1759. Mlangoni kuna boksi la michango, ukiwa nacho weka, ukiwa huna pita, hakuna wa kukukodolea macho. Maonesho maalumu yale ya muda ndo yanalipiwa, yaache, ya bure tu huyamalizi kwa siku moja. Ingia kwenye tovuti yao uchukue tiketi ya bure mapema, foleni inapungua. Ndani watu wote wanakimbilia maiti za Misri na jiwe la Rosetta, na wewe nenda kaone, ila usitoke kabla hujashuka chini chumba namba 25, cha Afrika. Kuna mti umetengenezwa na wasanii wa Msumbiji kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita yao, mabunduki yamekatwakatwa yakawa shina na matawi. Sisi tuliokua tunaona wakimbizi wanashuka ziwani, ambao mpaka leo kambi ya Nyarugusu ipo hapo Kasulu, ule mti tunauelewa bila kusoma kibao. Zipo pia sanamu za shaba za Benin, ufalme wa zamani ulio Nigeria ya leo, ambazo jeshi la Uingereza lilizichukua 1897, na hapo utasimama kwa hasira kidogo, simama tu, ni sehemu ya kuona.

South Kensington kuna matatu yamepakana: Natural History, Science Museum na Victoria and Albert, yote bure. Chagua moja kwa siku, ukiunganisha miguu inakufa na kichwa hakishiki kitu. Mimi nakwambia Natural History, pale ukumbini imening'inizwa mifupa yote ya nyangumi bluu mmoja, mita 25. Likizo za shule usiende saa nne asubuhi, watoto ni wengi mno. Ukitoka panda na barabara ya Exhibition Road mpaka juu, kwenye kona kuna jengo la Royal Geographical Society, angalia ukutani utamuona Livingstone amesimama kwenye kishubaka chake, yuko nje barabarani, hakuna geti. Ukivuka barabara uko kwenye bustani kubwa, kaa kwenye nyasi, pumzika, hakuna mlinzi wa kukufukuza.

Sasa Westminster Abbey. Hili ndo kanisa wanalovikiwa taji wafalme wao, na kuingia kitalii ni karibu pauni 30, yani kama laki moja ya kwetu. Lakini kusali ni bure, na siku nyingi saa kumi na moja jioni kuna ibada ya nyimbo inaitwa Evensong, mtu yeyote anakaribishwa. Angalia ratiba kwenye tovuti yao maana inabadilika, fika mapema upange foleni. Wengi wetu Ujiji ni Waislamu, na hakuna wa kukulazimisha kuimba, unakaa kwa adabu unasikiliza kwaya, na ile kwaya ni ya kiwango cha juu sana. Picha hairuhusiwi wala kuzurura. Kwa hiyo wakati wa kuingia na kutoka tembea taratibu uangalie chini, katikati ya kanisa, kuna jiwe jeusi sakafuni. Huyo ni Livingstone, yule yule wa pale kwetu Ujiji aliyekutwa na Stanley mwaka 1871.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Abdallah Susi, James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake pale pale, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu miezi kadhaa wakipitia Unyanyembe, hapo Tabora, mpaka Bagamoyo. Akazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Kijana mmoja wa ule msafara, Jacob Wainwright, ndo aliyewahi mazishi na akawa kati ya waliobeba jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yameshapita. Juu ya lile jiwe wameandika kwamba ameletwa na mikono ya uaminifu juu ya nchi na bahari, ila majina ya wenye hiyo mikono hayapo. Kwa hiyo wewe mtu wa huku ukisimama pale yataje, Susi, Chuma, Wainwright, hata kimoyomoyo, maana wazungu wanaopita hapo wengi hawawajui na sisi tusipowataja nani atawataja. Hii peke yake kwangu inatosha kupanga safari yako nzima, na hujatoa senti.

Kingine ambacho waongoza watalii hawakitaji sana ni kivuko cha Woolwich. Kinavusha watu na magari mto Thames bure tangu 1889, bure kabisa, hakuna tiketi. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu nauli ya boti pale Kibirizi hii ni raha ya pekee. Safari ni dakika chache tu, simama nje upande wa mto upigwe upepo. Ukifika ng'ambo kama hutaki kusubiri kirudi, kuna njia ya miguu chini ya mto, ilijengwa 1912, nayo bure. Na mto wenyewe una habari yetu: Juni 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walizijaribu hapo Thames boti mbili ndogo za kivita zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", kabla ya kuzisafirisha mpaka Kongo, wakazikokota porini kwa trekta na ng'ombe hadi kwenye ziwa letu, na sikukuu ya tarehe 26 Desemba wakaiteka boti ya Wajerumani iitwayo Kingani. Meli ya Liemba hii tunayoijua ilikuwa ya Wajerumani vilevile, wakaizamisha wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa baadaye. Mzee wako akiwa anapenda stori za ziwa mpigie simu ukiwa kwenye hicho kivuko.

Kuona jiji kutoka juu: Sky Garden, bustani iliyo juu kabisa ya ghorofa refu, bure, ila lazima ubuku mtandaoni mapema na nafasi zinaisha haraka. Mkimwona mtu analipia lile jengo refu la The Shard mwambieni.

Hela utakayotoa ni ya basi. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja ukibadilisha mabasi hulipi tena, kwa hiyo kama una harakati zako mbili tatu zipange kwenye hiyo saa. Basi hawapokei keshi, unagusa kadi. Panda ghorofa ya juu ukae mbele kabisa, hiyo ndo ziara ya jiji, yale mabasi ya watalii ya bei mbaya yanapita barabara hizo hizo. Simu usiishike ovyo barabarani, kuna waporaji wanaopita na baiskeli.

Maji ya bomba unakunywa, beba chupa yako. Chakula nunua supamaketi usiku karibu na kufunga, wanabandika stika za njano bei inashuka sana. Migahawa ya ndani ya makumbusho achana nayo.

Nusu nyota nimekata kwa sababu makumbusho mengi yanafunga saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na wengi wetu tukiwa kozini tunatoka saa hizo hizo. Ijumaa ndo afadhali, British Museum na National Gallery, ile ya picha za kuchora, huwa wanachelewa kufunga, kwa hiyo kama una jioni moja tu ya wiki, iwe hiyo.