Saiba ya fomu za viza hapa Kisumu, nawapa nyota nne

Kama unajaza fomu ya viza ya Marekani enda ile saiba ya ghorofani Oginga Odinga Street. Dada wa kaunta anasoma kila swali na wewe, jina analinganisha na pasipoti herufi kwa herufi, hakuharakishi. Shangazi yangu alikuwa na wasiwasi ati wakubwa wa serikali wakizuiwa kuingia Marekani na sisi wote tunazuiwa, dada akamwambia hapana auntie, hiyo marufuku inashika mtu na familia yake, kama Amos Wako, alikuwa mwanasheria mkuu 1991 hadi 2011 halafu seneta wa Busia, Novemba 2019 Marekani ikamzuia kuingia, yeye, mkewe na mwanawe, kwa madai ya ufisadi mkubwa, na hicho kifungu cha sheria ya Marekani kilichomzuia, 7031(c), hakingoji korti ihukumu mtu, lakini pia hakifungi akaunti za benki. Mimi hiyo marufuku naunga mkono kabisa, ila ushahidi nao ungewekwa wazi tuuone. Nyota moja nimetoa juu ya printa, inameza karatasi kila saa. Endeni asubuhi, mchana foleni inafika kwa ngazi.